Kitabu cha Mtu wa Manowari Katika Maji ya Nyasa

Kitabu cha E. D. Young kiitwacho Nyassa, kilichopigwa chapa London mwaka 1877, hujulikana kwa walimu wa upande wetu wa ziwa kama kitabu cha safari na cha chanzo cha misheni ya Livingstonia. Wengi hutoa humo habari mbili tu: ya kuwa merikebu ndogo Ilala iliingia ziwani tarehe 12 Oktoba 1875, nayo ilikuwa ya kwanza ya moshi kuonekana katika maji haya, na ya kuwa Young ndiye aliyeipa milima iliyo juu ya Matema na Ikombe jina la Livingstone. Habari hizo ni kweli, wala hapana haja ya kuzipunguza. Lakini aliyeandika hakuwa mchungaji wala mpimaji wa nchi. Alikuwa mtu wa manowari, fundi wa mizinga, na kitabu chake hakieleweki vema mpaka msomaji ajue siku ya mtu wa manowari ilikuwaje. Hapo ndipo sifa ya kitabu ionekanapo, na upungufu wake pia.

Young alikuwa baharia wa Gorgon, manowari kuukuu iliyoendeshwa kwa moshi na kwa tanga, yenye magurudumu makubwa ya kupiga maji ubavuni. Ilipofika kinywa cha Zambezi mapema mwaka 1862, pamoja na chombo kilichobeba vipande vya Lady Nyassa, Livingstone aliazimwa Young ili amsaidie mtoni. Mwaka 1867 Young alirudi na mashua kuulizia kama ni kweli Livingstone ameuawa, akathibitisha ya kuwa ni uongo. Kwa hiyo mwaka 1875, Wakristo wa Scotland walipotaka mtu wa kuwafikishia merikebu yao ziwani, walimtaka mtu ambaye ujana wake wote ulikuwa umekwisha kugeuzwa tabia na kengele, kamba na dohani.

Merikebu za vita za siku zile zilikuwa na roho mbili. Makaa yalikuwa ghali, na katika Bahari ya Hindi yalipatikana mahali pachache; nahodha aliyewasha moto pasipo sababu ilimpasa kujieleza kwa wakuu wake. Basi upepo ukiwapo, moto ulipunguzwa au kuzimwa, matanga yakatandazwa juu ya foromali, na katika nyingi za merikebu zilizoendeshwa kwa parafujo, dohani ilishushwa kama kikombe kinavyoingia katika kikombe, na parafujo yenyewe ikavutwa juu isikokote chombo. Upepo ukifa, yote yaligeuzwa. Haikuwa kazi ya kitoto: watu mamia walivuta kamba kwa amri moja, na waliokuwa juu ya milingoti waliiviringisha turubai nzito kwa vidole huku chombo kikiyumba chini yao.

Siku iligawanywa kwa zamu za saa nne nne, isipokuwa zile mbili fupi za jioni, za saa mbili mbili, zilizowekwa ili watu wale wale wasikeshe saa zile zile kila usiku. Kengele iligongwa kila nusu saa. Alfajiri sitaha ilimwagiwa maji na kusuguliwa kwa mawe na mchanga. Vitanda vya turubai vilivyotundikwa usiku vilifungwa kama mitumba na kupangwa kandokando ya chombo. Kanuni ilimpa kila mtu upana wa inchi 14 wa kutundika kitanda chake, nao ungekuwa mateso kama nusu ya watu wasingekuwa zamuni. Aliyelala alijinyosha katika nafasi ya jirani yake aliyekesha. Asubuhi walikunywa kakao. Saa sita mchana walikula nyama ya chumvi, njegere, na biskuti ngumu ambazo mara nyingi wadudu walizitangulia kuzila. Kisha wakapimiwa pombe kali ya miwa iliyotiwa maji, kipimo chake tangu mwaka 1850 kikiwa sehemu ya nane ya painti. Maji ya ndimu walipewa kuwakinga na kiseyeye. Alhamisi alasiri ilikuwa ya kushona na kutia viraka. Jumapili walikaguliwa nguo na miili, kisha wakasaliwa, na mahali pasipo kasisi nahodha mwenyewe alisoma sala. Mwenye kosa aliadhibiwa mbele ya wote, na hata mwaka 1871 viboko vilikuwa bado halali wakati wa amani.

Msomaji aliyelelewa katika bweni la misheni hatakosa kuzitambua kengele hizi. Sisemi kwamba shule zetu ziliiga manowari. Lakini mtu wa manowari akipewa kituo akianzishe, ataanza kwa kengele, kwa usafi na kwa zamu, na kitabu cha Young chaonyesha hivyo hivyo tangu Cape Maclear kilipotiwa mguu.

Chini ya sitaha ilikuwako siku nyingine, ambayo haikuhesabiwa kwa kengele peke yake bali kwa koleo. Humo matanuri yalilishwa makaa, majivu yakavutwa na kuinuliwa kwa ndoo mpaka juu yakamwagwe baharini, na katika bahari zetu za joto mtu aliweza kutolewa hali amezimia. Ili kuwapunguzia Wazungu kazi hiyo, manowari za Bahari ya Hindi ziliajiri watu wa pwani yetu, wa Unguja na kwingineko, ambao katika vitabu vya merikebu huitwa Sidi. Walikuwa na mkubwa wao aliyeitwa tindali. Mshahara wao ulikuwa wao peke yao, pungufu kuliko wa Mzungu, na majina mengi waliyoandikiwa daftarini yalikuwa ya mzaha, kwa sababu mwandishi wa merikebu hakutaka kujitaabisha na majina yao halisi. Neno Sidi husemwa asili yake ni Kiarabu, maana yake "bwana wangu". Lilipita India, likaja kuwa jina la mtu wa koleo. Mwanafunzi wa lugha hatapata mfano mzuri kuliko huo wa neno kushuka ngazi.

Tena yafaa kukumbuka jambo ambalo waandishi wa manowari hawapendi kulikalia. Katika Unguja ya siku zile kazi za bandarini zilifanywa kwa wingi na watumwa waliokodishwa, wakigawana ujira na mabwana zao. Manowari zilikuja kuwakamata wachukuzi wa watumwa, na kila mtumwa aliyeokolewa aliwaletea mabaharia zawadi ya pauni 5 ya serikali, igawanywe kwa vyeo. Ni vigumu kuamini ya kuwa makaa yaliyozikimbiza merikebu hizo nyuma ya majahazi hayakupita hata siku moja juu ya kichwa cha mtumwa.

Vitabu vya maofisa wenyewe ni vitatu vinavyosomwa zaidi. Devereux, aliyekuwa katika ofisi ya malipo ya Gorgon ile ile, alitoa chake mwaka 1869; Sulivan wa Daphne na Colomb wa Dryad walitoa vyao mwaka 1873, mwaka ule ule soko la watumwa la Unguja lilipofungwa. Cha Devereux ni cha mtu aliyechoka na joto, nacho kwa sababu hiyo chasema kweli nyingi kuhusu chakula na usingizi. Cha Sulivan kina moyo wa huruma. Colomb ana akili ya kupima, naye huuliza hata maswali yasiyompendeza. Lakini wote watatu husimama shetrini. Mtu wa chini hutokea kwao anapougua, anapochekesha, au anapofasiri maneno ya nahodha wa jahazi.

Sasa turudi kwa Young. Sifa yake ya kwanza ni kwamba yeye hakuwa mtu wa shetri. Fundi wa mizinga alipanda kwa mikono yake kutoka miongoni mwa mabaharia, naye anajua bei ya kila kamba. Ilala ilikuwa ya futi 48 tu. Mashua za manowari kubwa hazikupitwa sana na kimo hicho. Ilitengenezwa na Yarrow, London, kwa bamba za chuma cha pua ziwezazo kufunguliwa, ikaungwa penye kinywa cha Zambezi, ikapanda mtoni, ikafunguliwa tena chini ya maporomoko ya Shire, ikachukuliwa vichwani na mabegani na wapagazi wapatao 800 kwa mwendo wa maili zipatazo 60, ikaungwa mara ya pili. Mtu asiyejua manowari huisoma habari hii kama muujiza. Aijuaye huona kazi ya daftari: kila kipande na alama yake, kila mzigo na mtu wake, kila jioni hesabu. Young alikuwa na baharia mmoja tu wa manowari pamoja naye, William Baker. Waliobaki walikuwa Dakta Laws, mafundi wa mashine, seremala na mkulima. Kuwafanya hao kuwa mabaharia wa chombo kimoja ilikuwa kazi kubwa kuliko kukiunga chombo. (Wasomaji wa Kyela wasiichanganye Ilala hii na meli ya abiria ya jina hilo hilo, iliyoanza kazi upande wa pili wa ziwa katika miaka ya 1950.)

Ziwani hapakuwa na makaa. Ilala ililishwa kuni, na chombo cha kuni hakina uhuru kama wa tanga wala kama wa makaa. Kila safari ilikatwa na saa za kutia nanga penye miti, kukata, kupasua na kupakia. Kuni mbichi zilitoa moshi mwingi na nguvu kidogo. Ndiyo maana matanga hayakuwa pambo. Zamani, mwaka 1861, Livingstone alilipima ziwa kwa mashua ya makasia na tanga, akaliita ziwa la tufani, akarudi asiufikie mwisho wake wa kaskazini. Young mwishoni mwa mwaka 1875 alilizunguka lote, akakuta kwamba linaendelea kaskazini mbali sana kupita alama ya Livingstone. Katika kurasa hizo kitabu chapanda. Mtu aonaye mawimbi kwa jicho la aliyeshika usukani hahitaji maneno makubwa. Atujuaye sisi wa Mwaya na Matema ajua ya kuwa mwera ukivuma siku mbili kutoka kusini, ziwa zima huja kulala mlangoni petu. Na kwamba chini ya milima ile ya mashariki, ambako maji ni marefu karibu na jabali, chombo hakipati pa kushika nanga upesi. Young aliyaona hayo siku chache tu, akayaelewa.

Lakini aliyoyaelewa ni maji. Nchi yetu aliitazama kutoka chomboni, na chomboni mtu huona milima. Linganisha na Joseph Thomson, aliyefika ufukoni huku mwaka 1879 kwa miguu, akitelemka kutoka nyanda za juu: yeye aliona migomba, nyumba zilizofagiliwa, ng'ombe na watu, akazisifu nyumba za Wanyakyusa kwa maneno ambayo Young hangeweza kuyaandika hata kama angekaa juu ya Ilala mwaka mzima. Wa maji alituachia jina la mlima, ambalo ramani zingali nalo. Wa nchi kavu alituachia picha ya kijiji. Silaumu, nasema kila mmoja alitazama kwa kadiri ya kimo cha mahali alipokaa.

Lawama yangu iko mahali pengine, nayo haimwangukii Young kwanza. Kitabu chake kilipitiwa na kusahihishwa na Horace Waller, mtu wa misheni aliyekuja pamoja na Askofu Mackenzie mwaka 1861. Waller huyu, mwaka 1874, alikuwa amekaa Uingereza na Chuma na Susi, akawauliza siku baada ya siku juu ya safari ya mwisho ya Livingstone, na kitabu alichokitoa mwaka huo kilijaa ushuhuda wao. Basi alijua namna ya kumwuliza Mwafrika aliyeshiriki kazi, na alijua faida yake. Tena Chuma hakuwa mgeni wa merikebu. Mwaka 1864 Livingstone alipoivusha Lady Nyassa kutoka Unguja mpaka Bombay, maili zipatazo 2,500, alikuwa na Wazungu watatu, watu saba wa Zambezi, na vijana wawili, Chuma na Wikatani. Makaa yalikuwa machache. Upepo uliwakimbia, wakaelea. Safari ilichukua siku 45, na watu wa mtoni walijifunza humo kupanda mlingoti na kushika usukani katika bahari wasioijua. Chombo chenyewe kilikuwa kimenunuliwa kwa ajili ya ziwa hili, nacho hakikulifikia.

Hapo palikuwa na shahidi ambaye leo tungempa dhahabu: kijana wa Kiyao, aliyeokolewa katika minyororo mwaka 1861, aliyevuka bahari katika chombo cha moshi na tanga, na ambaye mwaka 1879 alikuwa ndiye mkuu wa msafara wa Thomson uliofika pwani ya kaskazini ya Nyasa. Hakuna aliyemwuliza saa ya zamu yake juu ya Lady Nyassa. Hakuna aliyeandika aliitaje kamba, tanuri, kengele, wala tumbo kuchafuka. Waller alimwuliza juu ya bwana wake. Juu ya merikebu hakumwuliza. Na alipokishika kitabu cha Young miaka mitatu baadaye, hakuhisi pengo lile lile. Twasoma idadi ya wapagazi, twasoma uaminifu wao, lakini hatumsikii hata mmoja wao, wala mchanja kuni wa Ilala, akiieleza siku yake kwa kinywa chake.

Wako waliosema, ila maneno yao yalivikwa nguo nyingine. Mwaka 1887 Madan alitoa kitabu cha habari zilizoandikwa na wavulana wa shule ya Kiungani, Unguja, nao wengi walikuwa waliokombolewa kutoka majahazi. Waliandika kwa Kiswahili. Sisi tumepewa kwa Kiingereza. Kile ambacho mwanafunzi wa lugha angekitafuta kwanza, yaani neno la mtoto wa bara kwa kitu kikubwa cheupe chenye moshi kilichotokea nyuma ya jahazi, kimebaki nje ya kitabu. Hofu yao twaijua, maana walikuwa wameambiwa kwamba Wazungu hula watu. Na mtoto aliyeambiwa hivyo, kisha akaonyeshwa jiko la manowari lenye masufuria makubwa kama mapipa, alikuwa na sababu ya kulia.

Kwa Kiswahili chenyewe kitabu tulicho nacho ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotolewa mwaka 1934, ambacho kilisomwa sana shuleni. Ni masimulizi mema, ya mwana wa watu waliookolewa, nayo yaanza katika nchi hizi za Nyasa na kuishia Freretown. Manowari humo ni mkono wa rehema: yatokea, yakamata, yafikisha. Mbotela hakosi kushukuru, na shukrani ni haki yake. Ila mwalimu akikisoma darasani asiache mtoto afikiri ya kuwa chombo kile kilikwenda kwa rehema tupu. Amwambie pia habari ya koleo, ya tindali na watu wake, na ya zawadi ya pauni 5.

Neno moja kwa atakayejaribu kukifasiri kitabu cha Young kwa Kiswahili, kazi ambayo ingewafaa walimu wa Kyela kuliko kusimuliwa habari zake kwa mdomo. Asiandike meli kila mahali. Meli ni neno la merikebu za barua, na manowari ni neno ambalo masikio ya pwani yalilipokea kutoka midomo ya mabaharia wa Kiingereza. Ilala haikuwa hii wala ile, na merikebu ya moshi yatosha. Asikimbie maneno ya jahazi, omo na tezi, goshi na demani, henza na foromali, kwa kudhani kwamba watoto wa ziwa hawatayaelewa. Wakisi wanaovusha vyungu vyao kwa mitumbwi wanajua upande wa upepo bila kufundishwa, na neno litawakalia mara moja. Upepo wa kusini auite mwera, kama uitwavyo ziwani, wala si kusi, kwa kuwa kusi ni wa bahari na una majira yake. Na waliokata kuni asiwaite wapagazi. Wapagazi walimaliza kazi yao juu ya maporomoko ya Shire. Hawa ni watu wa merikebu, na katika daftari ya chombo chochote wangeandikwa pamoja na watu wa tanuri.